Matope ya Jumanne na Ijumaa

Aliyechelewa muulize njia.

Mmemsikia mwalimu mkuu akiitamka asubuhi hii, mkatazamana. Ninyi wawili mmetoka chuoni juzi kuja kwetu kwa mazoezi ya kufundisha, na sasa mnaniuliza mimi mpishi, "Bibi Namsifu, methali hii imetoka wapi? Mbona hatujaisoma popote?" Hamtaisoma. Imezaliwa hapa hapa shuleni, na mimi nilikuwepo. Kaeni kwenye benchi hilo. Uji bado, na leo mtaunywa na maneno yangu.

Methali hii ilianza hivi. Nilikuwa darasa la saba, kiranja wa wachelewaji. Msinicheke. Kilikuwa cheo kikubwa. Nilikuwa na daftari langu na kalamu yangu, nasimama getini saa moja asubuhi, na kila aliyefika baada ya kengele namwandika jina. Daftari nalipeleka kwa Mwalimu Masalu. Yeye anawapanga mstari mbele ya shule nzima, anasema, "Nyoosha mkono," na fimbo inafanya kazi yake. Mbili kwa kuchelewa, moja zaidi kama umekuja mchafu.

Mwalimu Masalu hakuwa mtu mbaya, nisimsingizie marehemu. Alitoka mbali, kanda ya ziwa, akatukuta watoto wa milimani tumezoea kuingia shuleni kama tunaingia gulioni. Alitufundisha hesabu mpaka tukazielewa, na jioni alibaki na wale wazito. Ila aliamini mtoto akichelewa ni mvivu, na mvivu dawa yake anaijua.

Darasani kwetu alikuwepo Namkunda. Msichana mwembamba, mpole, hesabu anazila kama karanga. Alikuwa anataka kwenda sekondari awe mwuguzi, na sisi wote tulijua atakwenda, maana kama si yeye, nani tena? Lakini Namkunda alikuwa anachelewa. Jumatatu yupo wa kwanza. Jumanne anakuja saa mbili na nusu, anahema, miguu ina matope mpaka magotini. Jumatano na Alhamisi yupo mapema. Ijumaa kachelewa tena, na matope yale yale. Mimi naandika: Namkunda, kachelewa, mchafu. Fimbo tatu. Wiki kwa wiki.

Kumbukeni, mimi nimezaliwa hapa. Najua maji ya kumwagilia kwetu ni ya zamu. Kule juu kuna ndiva, lile bwawa la udongo walilochimba mababu. Usiku linazibwa lijae, alfajiri linazibuliwa, maji yanashuka mferejini, na kila nyumba ina siku zake. Siku yako ikifika unasimama shambani na jembe, unayafungulia maji, unayaongoza mpaka kila tuta linywe, halafu unaziba ili yamfikie wa chini. Mtoto yeyote wa hapa akiona matope ya magotini asubuhi ya kiangazi anajua yametoka mferejini. Mgeni kama Mwalimu Masalu angejuaje? Mimi nilijua, na niliandika mchafu.

Sasa niwaambie kilichokuwa nyumbani kwao, ambacho tulikuja kukijua baadaye. Baba yake alikwisha kufa. Mama yake, mama Namkunda, alikuwa anaumwa moyo, miguu imevimba, akitembea kutoka kitandani mpaka mlangoni anakaa chini apumzike. Kulikuwa na mdogo wake mmoja, hajaanza hata shule. Chakula chao ni lile shamba la mahindi na maharage, na shamba bila maji huku ni vumbi. Na sheria ya mfereji ilikuwa kali: nyumba isiyo na mtu mzima wa kushika jembe, zamu yake anapewa jirani mpaka apatikane. Wazee waliiweka kwa sababu, maana mtoto akishindwa kuziba, maji yanabomoa matuta ya watu.

Basi mama akamwambia binti yake, "Mtu asijue kwamba nimelala. Wakijua, maji yanakwenda kwa wengine na sisi tunakufa njaa." Namkunda akawa kila Jumanne na Ijumaa anajifunga kanga za mama yake, anajitanda kichwani, anainama shambani na jembe. Msimamizi wa mfereji, Mzee Mrutu, akitazama kutoka ng'ambo anaona mama mtu anamwagilia. Zamu ikiisha, mtoto anavua kanga, anavaa sare, anakimbia kilima kizima mpaka kwangu, nami namwandika.

Muhula wa mwisho ulipofika, mtihani wa darasa la saba umebaki wiki chache, Mwalimu Masalu akachoka. Ijumaa moja alimpiga zile tatu, kisha akamwambia mbele yetu, "Fimbo zimekuzoea wewe. Ukichelewa tena siku moja tu, unarudi nyumbani, na hapa hukanyagi mpaka uje na mzazi wako. Mtihani watafanya wenzako."

Namkunda hakulia. Alikunja vidole vya ule mkono, akarudi kwenye mstari. Angemletaje mzazi asiyevuka hata mlango? Na akija kubebwa, si kijiji kizima kitaona?

Siku zile tatu mtoto alikaa na jambo hilo moyoni. Lakini mama ni mama. Jumatatu jioni alimshika mkono ampe bakuli, akaiona ile mistari kiganjani, akamwuliza mpaka akasema yote. Asubuhi ya Jumanne, Namkunda anaamka achukue jembe, anamkuta mama yake amesimama nalo, ameegemea ukuta, kajifunga zile kanga.

"Vaa sare uende," mama akasema.

"Mama, huwezi."

"Nitaweza polepole. Maji yanatembea yenyewe, mimi kazi yangu kuyaonyesha tu. Wewe nenda ukafike kabla ya kengele."

"Mama, niache nichelewe. Nitapigwa tu, nimeshazoea."

"Hujazaliwa uzoee kupigwa," mama akamjibu. "Nenda."

Hayo Namkunda alimsimulia mama yangu siku ya matanga, ndiyo maana nayajua.

Jumanne ile nilikuwa getini, nikamwona anakuja taratibu, miguu safi, kengele haijalia. Nilifurahi, wallahi nilifurahi. Mstarini Mwalimu Masalu alimwita mbele, akamshika bega. "Mnamwona mwenzenu?" akasema. "Alikuwa sugu, sasa amekuwa mtu. Fimbo imemfundisha. Mpigieni makofi." Tukampigia makofi shule nzima. Yeye alikuwa anatazama upande wa kwao.

Tuko darasani kipindi cha pili, tukamwona Mzee Mrutu anapanda. Alikuwa ameona maji yanafurika mashamba ya chini, yamepita saa yake na hakuna aliyeziba, akaenda kwa mama Namkunda na hasira zake zote, amfokee. Akamkuta ameanguka kando ya mfereji, jembe mkononi, maji yanapita juu ya miguu yake. Alikuwa amekwisha kufa.

Mzee hakujua amwambieje mtoto. Alisimama mbele yetu, suruali imelowa, akasema tu, "Namkunda, twende nyumbani, mjukuu wangu." Namkunda hakuuliza kuna nini. Alianza kukimbia.

Tulimzika kesho yake. Mwalimu Masalu alikuja, na hapo watu walikuwa wamekwisha kusimuliana habari za kanga, za jembe na za Jumanne na Ijumaa. Alimfuata Namkunda alipokuwa amekaa na mdogo wake mapajani, akachuchumaa mbele yake. Mtu mzima yule, machozi yanamtoka.

"Mwanangu, mwaka mzima nakupiga," akasema. "Kwa nini hukuniambia?"

Namkunda akamtazama. Hakuwa na hasira, na hiyo ndiyo iliyotuumiza.

"Mwalimu, wewe uliniambia ninyooshe mkono," akasema. "Nikanyoosha."

Mwalimu akainamisha kichwa. Mzee Mrutu alikuwa karibu, naye akasema kwa sauti ya kuchoka, "Aliyechelewa huulizwa njia, mwalimu. Angeulizwa amepitia wapi, sote tungejua. Na mimi niliyekuwa naziona kanga kila wiki, sikuvuka ng'ambo hata mara moja kumwamkia mwenye kanga."

Watu waliondoka na maneno hayo msibani, na tangu siku ile yanasemwa hapa. Mwalimu Masalu hakushika fimbo tena. Mpaka anastaafu alisimama getini mwenyewe, na kila aliyechelewa alimwuliza, "Umepitia wapi leo?" Amesaidia watoto wengi kwa swali hilo, Mungu amlaze pema. Wazee nao waliilegeza ile sheria ya zamu. Lakini Namkunda hakufaidi hata moja. Mjomba wake alimchukua yeye na mdogo wake, wakashuka nchi ya chini kwenye mashamba ya mkonge, na mtihani tukaufanya bila yeye. Dawati lake lilibaki wazi siku zote mbili za mtihani. Sekondari nilikwenda mimi, niliyekuwa namwomba anifundishe hesabu.

Nilikutana naye mara moja, sokoni Same, wote tumekwisha kuwa watu wazima. Alikuwa anauza nyanya. Tukasalimiana, tukaulizana watoto, nami roho ikanisukuma nikamwambia, "Namkunda, ni mimi niliyekuwa nakuandika. Niliyaona matope yako na niliyajua." Nilitaka anitukane. Akanifungia nyanya zangu, akaziongeza mbili juu, akasema, "Najua, Namsifu. Nilikuwa nakutazama ukiandika. Kila siku nilikuwa nasema moyoni, leo ataniuliza."

Basi ndiyo hivyo, wanangu. Aliyechelewa muulize njia.