Dengu za Mama Agness

Katika kijiji kimoja cha kata ya Gorong'a, wilayani Tarime, hakuna aliyekuwa na ulimi mwepesi kama Nchagwa. Neno likimjia halikulala. Alilitema papo hapo, liwe tamu, liwe chungu. Watu walimpenda kwa hilo, kwani penye Nchagwa hapakukosa kicheko. Kwenye vikao vya ukoo, kwenye mnada wa ng'ombe, hata matangani, wanaume walivuta vigoda ili wakae karibu naye. Naye alijiona amejaliwa. Hakuwahi kufikiri kwamba panga linalokata kuni vizuri ndilo hilo hilo linalokata mguu.

Aliishi na mkewe, Robi. Hatua chache kutoka mlango wao ilisimama nyumba ya mwana wao Simioni, ambaye alikuwa marehemu. Humo alibaki mjane wake, Winfrida, na binti yao Agness aliyekuwa darasa la tatu.

Winfrida hakuwa Mkurya. Kwao ni Natta, wilaya ya Serengeti, na kabla ya kuolewa alikuwa mpishi msaidizi katika kambi moja ya watalii. Simioni alikufa ghafla. Alikula chakula cha jioni, akalalamikia tumbo, na kabla hawajamfikisha hospitali alikuwa amekata roho. Daktari alisema utumbo ulijisokota. Kijiji kilisema lingine. Kilisema mke wa kuja amemlisha kitu. Siku ya kuanua matanga Nchagwa alisimama mbele ya ukoo mzima, akatangaza kwamba Winfrida ni mwanawe, na mwenye la kusema aje amwambie yeye usoni. Hakuna aliyekwenda. Tangu siku hiyo minong'ono ilikufa, au angalau ilijifunika, na Winfrida akabaki. Alilima, akamlea mtoto, akamheshimu baba mkwe kama mila itakavyo. Hakumpa mkono. Hakupita mbele yake akiwa ameketi. Wala hakuwahi kutia tonge kinywani mbele ya macho yake.

Mwaka jana Nchagwa alianza kukonda na kuishiwa nguvu. Akaenda kupimwa Tarime mjini, akaambiwa ana sukari. Muuguzi akamkataza chai ya vijiko vinne na maandazi yake ya saa nne na ya saa kumi. Alirudi nyumbani amenuna kama mtu aliyeibiwa ng'ombe, akamwambia Robi kwamba heri afe ameshiba kuliko aishi akimezea mate sahani za wenzake.

Winfrida alilisikia hilo. Siku ya soko alinunua dengu, zile ambazo wakulima wa kanda yetu huziuza zote kwa wafanyabiashara wala hawaulizi huko ziendako zinaliwaje. Akaziloweka usiku kucha, akazichemsha mpaka zikabonyea kwa kidole, akaziondoa maganda, akazisaga kwenye jiwe pamoja na ufuta uliokaangwa, kitunguu saumu, ndimu na chumvi kidogo. Juu akamimina mafuta ya alizeti. Alimweleza mama mkwe kwamba kambini wageni huiita hamusi. Huila kati ya mlo mmoja na mwingine, wakichovya vipande vya karoti na matango, nayo hushibisha bila kuirusha sukari juu kama andazi linavyofanya.

Siku ya kwanza Nchagwa aliitazama, akauliza kama ni udongo wa kukandika ukuta. Alichovya karoti kwa ncha tu, kama anayeonja uji wa moto. Siku ya tatu hakuuliza kitu. Wiki ya pili, saa kumi ikifika na bakuli halijaja, alikuwa akikohoa kikohozi cha makusudi kuelekea nyumba ya Simioni. Mwezi ulipotimia vipimo vilikuwa vimeshuka, muuguzi akampongeza. Lakini bakuli lile alilila ndani, mlango umerudishwa. Mwanamume wa rika lake kuonekana akitafuna karoti kama sungura, hilo hakulitaka.

Ikawadia siku ambayo wanaume saba walikuja kumsaidia kujenga upya zizi la ng'ombe. Robi alikuwa amekwenda kumwona mgonjwa kijiji cha pili, kwa hiyo chakula cha wageni kilikuwa mikononi mwa Winfrida. Akachemsha viazi vitamu, akakata karoti, akajaza hamusi kwenye bakuli kubwa. Moyoni alikuwa na furaha. Alifikiri baba mkwe atapenda wenzake nao waijue. Akapiga magoti, akaviweka mbele yao, akarudi nyuma hatua kadhaa kama ilivyo heshima.

Kornelio, rika wa Nchagwa na mtani wake tangu wachunge ndama pamoja, aliinama juu ya bakuli.

"Nchagwa, hiki chakula cha nani? Mtoto gani hapa hajaota meno?"

Wengine wakacheka. Thadeo, jirani wa upande wa mtoni, akaongeza kwamba sasa ameelewa kwa nini mwenzao amekonda, kumbe analishwa uji wa wazungu.

Nchagwa angeweza kusema ukweli. Angesema kwamba amekila chakula kile mwezi mzima, na kwamba ndicho kilichomrudishia nguvu ya kushika shoka asubuhi ile. Maneno hayo alikuwa nayo. Lakini yale mepesi yaliwahi mlangoni.

"Hata mimi sijui ndani mna nini," akasema, akamgeukia mkamwana wake. "Mama Agness, unajua kawaida yetu ya pombe. Mwenye kuleta ndiye anayeonja kwanza, tujue hatufi."

Kicheko kilipanda, kisha kikakatika kama kamba iliyooza. Jina la Simioni lilipita katikati yao bila mtu kulitaja. Nchagwa mwenyewe alilisikia likipita. Akafungua kinywa alirudishe neno lake, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake hakupata la kusema.

Winfrida alisimama palepale. Akila, amevunja heshima ya mkwe mbele ya wanaume wanane. Asipokula, amekiri. Hakukuwa na njia ya tatu, na kila mtu pale aliliona hilo. Mwishowe alisogea, akapiga magoti tena, akachukua kiazi. Akachovya upande huu wa bakuli, akala. Akachovya upande ule, akala. Akachovya katikati, mpaka chini, ili asibaki mtu wa kusema kwamba sumu ilikuwa upande mwingine. Hakuharakisha. Wanaume walitazama vidole vya miguu yao.

"Nimeonja, baba," akasema. Akainuka, akaenda zake.

Hakuna aliyekula. Viazi vilimalizwa na kuku.

Robi alizipata habari njiani, kutoka kwa dereva wa bodaboda, kabla hata hajaliona paa la nyumba yake. Aliingia bila kuvua viatu. "Baba Simioni, nenda ukaongee naye," alimwambia mumewe. "Leo. Kesho itakuwa imeshaoza."

Nchagwa akajibu kwamba ule ulikuwa utani, na kwamba Winfrida anamjua yeye ni mtu wa utani. Hakwenda. Aibu ilikuwa imemjaa, naye akaivalisha nguo za kiburi ili isitambulike. Jioni ile hakwenda, na kesho yake hakwenda.

Minong'ono haikumngoja. Kisimani wanawake walisogeza ndoo zao Winfrida alipoinama kuchota. Shuleni, Agness aliwakatia wenzake muhogo wake kama siku zote, wakakataa wote. Msichana mmoja akamwambia kwamba hata babu yake anaogopa kula kwao. Mtoto alirudi na muhogo ule mzima, akauweka mezani mbele ya mama yake, wala hakulia.

Siku ya nne Nchagwa aliwaita Kornelio na Thadeo. Akawaeleza ukweli wote: dengu, ufuta, vipimo, mlango uliorudishwa. Alitegemea watacheka na mambo yaishe. Kornelio hakucheka.

"Kumbe ulikuwa unakula kila siku," alisema. "Basi wewe unamjua kuliko sisi. Na bado ukasema vile? Sasa mtu atafikiri nini, Nchagwa? Atafikiri umeona kitu."

Nchagwa aliapa kwamba hakuona kitu. Lakini kila alipozidi kuliosha doa ndivyo lilivyozidi kusambaa. Wenzake waliondoka wakiwa wamenyamaza, na njiani, kama watu walivyo, hawakuendelea kunyamaza.

Asubuhi ya siku ya tano Winfrida alikuja mlangoni na begi, amemshika Agness mkono. Alisimama mbali kidogo, macho chini.

"Baba, naomba ruhusa ya kwenda kwetu."

"Mwanangu, ulikuwa utani."

"Najua, baba. Wote walionisema nilikuwa nawavumilia, kwa sababu wewe hukuwa mmoja wao. Sasa nitavumilia kwa sababu gani?"

Nchagwa alishika mwimo wa mlango. Robi alikuwa amesimama nyuma yake, analia bila sauti. Winfrida alingoja muda wa kutosha, kisha akainama kidogo, akageuka. Walifuata njia ya barabarani, mama na mtoto, na hakuna aliyetoka nyumba yoyote kuwasindikiza.

Miezi miwili Nchagwa aliishi na dhamiri inayomuuma kama siafu aliyeingia ndani ya nguo. Alirudia chai na maandazi, sukari ikapanda tena. Watu walipomngoja aseme la kuchekesha, alisema mvua imechelewa. Mwishowe akafunga safari. Akapita Mugumu, akafika Natta akiwa amejaa vumbi mpaka kwenye kope.

Joram, kaka yake Winfrida, alimpokea vizuri kuliko alivyostahili. Alimwambia kwamba dada yake amerudi kazini kambini, na siku za mapumziko huwafundisha akina mama wa kanisa kusaga hamusi ili watoto wapate kitu chenye nguvu kabla ya chakula cha jioni. Bahati nzuri siku hiyo alikuwa nyumbani. Winfrida akaja, akapiga goti.

"Shikamoo, baba."

Nchagwa aliitikia. Kisha, mbele ya Joram, aliomba msamaha. Hakutia mzaha hata neno moja. Alisema alijua chakula ni kizuri, alijua mikono ni safi, na alimuuza kwa kicheko cha wanaume saba. Winfrida alisikiliza mpaka mwisho, akaenda jikoni.

Alirudi na ugali, mboga na kuku. Kabla hajaviweka mezani, alisimama mbele yao, akamega kidogo kutoka kila sahani, akala. Uso wake haukuwa na hasira. Alifanya kama mtu anayefagia.

Alipotoka, Joram alisema kwa sauti ya chini, "Usidhani ni kwa ajili yako. Siku hizi ndivyo anavyofanya. Hata kambini. Hata kwa mtoto wake."

Nchagwa alimega ugali, akala macho yakiwa chini. Wakati wa kuaga, Winfrida alimsindikiza hadi ukingo wa barabara.

"Nimekusamehe, baba," alisema. "Agness atakuja kuwasalimu shule zikifungwa. Mimi Gorong'a sirudi."

Nchagwa alishuka kwenye gari kijijini kwake jua likizama. Karibu na nyumba alijikwaa kwenye jiwe, ukucha wa kidole gumba ukang'oka, damu ikajaa kwenye kandambili. Robi alimwosha kwa maji ya chumvi, akaogopa, kwani kidonda cha mtu mwenye sukari si cha kuchezea. Alipokuwa akifunga kitambaa aliuliza Winfrida amesemaje.

"Amenisamehe."

"Anarudi lini?"

Nchagwa aliutazama mlango wa nyumba ya Simioni. Robi alikuwa amekwishaanza kuweka magunia ya mahindi humo.

Kidole kile walikitunza, kikapona baada ya wiki tatu, na ukucha mpya ukaota. Lile neno moja alilolisema zizini halikupona, wala halitaota jingine mahali pake. Hakika, heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi.