Kitovu cha Milembe

Nyati hurudi mtoni, kitovu hudondoka mara moja. Methali hii ilianza hivi, na ninyi acheni kwanza kumcheka Seni.

Mmemwona asubuhi akifunga mzigo aende porini kurina asali siku tatu, na mkewe hajamaliza hata wiki tangu ajifungue. Shangazi yake akamtupia maneno hayo, akaingia zake jikoni. Ninyi mkaangua kicheko, kisha mkaja kuniuliza nyati na kitovu wamekutana wapi. Haya, kaeni. Lakini kila mtu avute karanga amenye, maana mimi sisimulii watu waliokunja mikono. Wewe pia, Seni.

Katika kijiji hikihiki aliishi mwindaji aitwaye Lusangija. Enzi hizo watu waliwinda kwa mikuki na pinde. Sifa yake kubwa ilikuwa kusoma nyayo. Akitazama jani lililokanyagwa, aliweza kukwambia mnyama amepita lini, ni dume au jike, na mguu gani unamuuma. Wenzake hawakuthubutu kutoka bila yeye, kwa sababu walipotoka bila yeye walirudi na sungura.

Mkewe aliitwa Nyanzobe. Walikuwa wamezaa mara mbili, na mara zote mbili mtoto alifariki kabla kitovu hakijadondoka. Wakati huo mtoto mchanga hakupewa jina. Aliitwa Mgeni tu, kwa sababu hakuna aliyejua kama amekuja kukaa au anapita. Kitovu kikidondoka, baba mwenyewe alichimba kishimo kando ya kizingiti, akakizika kwa mkono wake, ndipo akamwita mtoto kwa jina kwa mara ya kwanza. Hayo yote yalipaswa kufanyika kabla ya jua la siku hiyo kuzama. Baba asipokuwapo, mjomba alizika, na jina likatoka kinywani mwa mjomba. Basi Lusangija, pamoja na sifa zake zote, hakuwahi kumwita mtoto wake kwa jina. Alikuwa amewazika Wageni wawili.

Mtoto wa tatu alizaliwa kiangazi. Alikuwa msichana, mdogo, mwenye sauti kubwa kuliko mwili wake. Jina lake Lusangija alikuwa nalo moyoni, na hata Nyanzobe hakumwambia. Siku tatu hakutoka nyumbani. Alichota maji, akasonga ugali, akachanja kuni nyembamba zisizotoa moshi mwingi. Wanaume wenzake walipita wakimuuliza kama na yeye ameanza kunyonyesha.

Siku ya nne akaja Kafuku, rafiki yake, aliyekuwa mkuu wa wawindaji.

"Nyati wameshuka mtoni," alisema. "Kundi zima. Mkeo anahitaji supu, na sisi tunahitaji macho yako."

Lusangija akahesabu kwa vidole. Watu wote walijua kwamba kitovu hudondoka siku ya saba. Siku moja ya kwenda, moja ya kuwinda, moja ya kurudi. Siku ya sita angekuwa nyumbani, na siku moja ingebaki. Akaingia ndani kumwambia mkewe.

"Utakunywa supu," alimwambia. "Na ngozi nitailainisha, iwe mbeleko ya Mgeni."

"Mgeni ana mbeleko ya shangazi yake," Nyanzobe alijibu. Kisha akamtazama mumewe usoni, akaona kwamba moyo wake umeshakwenda. "Haya, nenda. Lakini urudi."

Niwaambie ukweli ambao yeye mwenyewe alikuja kuusema baadaye. Supu ilikuwa kisingizio. Lusangija aliogopa. Mtu aliyemkabili nyati kwa mkuki hakuweza kukaa kitako kumtazama mtoto mchanga akipumua, kwa sababu kila pumzi aliyoivuta, baba alisubiri kuona kama itafuatwa na nyingine. Porini alijua la kufanya. Nyumbani hakujua.

Walipiga kambi karibu na mto jioni ileile. Njiani walikuwa wameua swala mmoja, wakamkata vipande virefu na kumwanika juu ya matawi. Nyama ya namna hiyo huhitaji siku mbili hata tatu ndipo ikauke. Asubuhi ya siku ya tano, walipokuwa wakiwangoja nyati, Lusangija alichukua kipande akitaka kukigeuza. Kikavunjika mkononi mwake.

Alikitazama kwa muda mrefu.

"Kafuku, nyama hii tumeianika lini?"

"Jana jioni. Si ulikuwapo? Upepo wa mwaka huu haufai, unakausha hata mate."

"Upepo unatoka upande gani?"

Kafuku alishangaa kuulizwa swali hilo na mtu kama yule. "Unatoka mashariki. Unatoka kwetu."

"Basi umepita nyumbani kwangu kwanza," alisema Lusangija, akasimama. "Mimi nimehesabu siku saba kana kwamba mtoto alizaliwa masika. Kitovu hakijui kuhesabu, kinakauka tu."

Wakati huohuo mwenzao mmoja akapiga mluzi mdogo. Nyati walikuwa wanatoka kwenye matete, dume la mbele limeinua pua. Kafuku akamshika Lusangija mkono.

"Sasa hivi? Umesubiri mwaka mzima kuwaona hivi, uwaache sasa hivi?"

"Nyati hurudi mtoni. Mwaka jana walirudi, mwakani watarudi. Kitovu cha mwanangu kitadondoka mara moja." Akawapa nyati kisogo. "Si supu iliyonileta huku, ndugu yangu. Nilikimbia. Niliogopa kumzika mwingine."

Kafuku akauachia mkono wake. "Nipe mkuki," alisema, "utakuchelewesha."

Lusangija alikimbia mwendo ambao jana yake walikuwa wameutembea kutwa. Hakutazama unyayo hata mmoja.

Nyumbani kitovu kilikuwa kimedondoka tangu asubuhi. Ndimila, kaka yake Nyanzobe, alikuwa ameitwa na amekaa kizingitini na jembe, maana hiyo ndiyo desturi na yeye hakuwa na ubaya wowote. Lakini Nyanzobe alikuwa amekifumba kitovu kiganjani, na tangu asubuhi hakuufungua mkono huo, si kwa kula wala kwa kunyonyesha.

"Dada, nipe," Ndimila alimbembeleza. "Jua linazama."

"Linazama, halijazama."

"Na asipokuja?"

"Nimesema halijazama."

Lilikuwa limebaki jekundu juu ya vichaka Lusangija alipoingia uani, miguu inavuja damu. Hakuomba maji. Alipiga magoti kizingitini, akachimba kwa vidole, na Ndimila akasogeza jembe lake pembeni. Nyanzobe akafumbua kiganja. Lusangija akakizika kitovu, akaushindilia udongo, kisha akampokea mtoto. Akafumbua kinywa. Mara ya kwanza hakikutoka kitu. Mara ya pili akasema, "Milembe."

Nyanzobe akalia kwa sauti, kwa ajili ya huyu aliyeitwa na wale wawili ambao hawakuitwa.

Walipotulia, Lusangija akauliza, "Kilidondokaje?"

"Alipiga chafya," alisema Nyanzobe. "Chafya ndogo tu, nacho kikadondoka. Akashtuka mwenyewe, akakunja uso kana kwamba kuna mtu mwingine aliyepiga. Nikacheka. Nikageuka nikuoneshe." Akakitazama kiganja chake kilichokuwa kitupu. "Nikageuka nikuoneshe, hukuwapo."



Nyati walirudi mtoni baada ya siku nane. Wawindaji waliua wawili, Nyanzobe akanywa supu, na mbeleko ya ngozi ikapatikana. Kiangazi kilichofuata walirudi tena, na kilichofuata pia. Lusangija aliua nyati wengi hata akaacha kuwakumbuka. Lakini alipokuwa mzee, macho yake hayaoni tena unyayo wala jani, jioni alikuwa akimwambia mkewe, "Hebu niambie tena alivyopiga chafya." Bibi yangu Nyanzobe akamsimulia upya, na yeye akainamisha kichwa kusikiliza, kila mara kama hajawahi kuisikia. Mama yangu Milembe, mwenye mvi zake, alikuwa akikaa palepale akiwasikiliza wote wawili.

Naona karanga zimekwisha. Na wewe, Seni, mbona unafungua mzigo? Mizinga unaiachia nani?

Haya. Nenda ukakae na mkeo. Nyati hurudi mtoni, kitovu hudondoka mara moja.