Kaburi la Babu yake Mzee Bunu

Mjini Mwandoni palikuwa na Chama cha Wajukuu wa Waasisi. Siku moja kikapitisha kwamba asiyeweza kuonyesha kaburi la babu yake si mwanachama, na asiye mwanachama hatazikwa maziarani. Mwanatumu, aliyeyafagia maziara hayo miaka ishirini, akaenda kuomba uanachama.

"Wewe?" Mwenyekiti, Mzee Bunu, akacheka. "Haya, tuonyeshe babu yako alipolala."

"Nitawaonyesha, mzee wangu. Lakini mkubwa hutangulia. Tuonyeshe kwanza kaburi la babu yako, nami nijifunze."

Mzee Bunu hakuwa amekanyaga maziarani tangu ujana wake, na makaburi ya kale hayakuwa na majina. Walipofika huko, akaangaza macho, akaona moja refu, jeupe pe kwa chokaa. Akaliendea mbio, akalimwagia marashi, akalia mbele ya wanachama wote.

"Babu yangu huyu! Damu yangu!"

Mwanatumu akamwinamia sikioni, kama anayempa pole.

"Mzee wangu, hilo nimelijenga mimi juzi. Humo nimefukia mafagio yangu yaliyochakaa. Tufukue wenzako waone?"

Mzee Bunu akafuta machozi, akasimama wima.

"Katibu!" akaita. "Mwandike dada yetu huyu. Babu yake na babu yangu wamelala kaburi moja."