Koti la Nyuzi Nyeupe

Sogeeni mnisikilize, na hukumu mtatoa ninyi.

Kariakoo walikuwepo watu watatu. Makame, fundi cherehani, aliweza kuligeuza koti la mtumba likawa jipya. Tatu, muuza vitumbua, chochote alichovaa kilimkaa. Habibu, mpiga picha za mitindo ya mtaani, alikuwa na jicho la kutambua kinachopendeza. Alipiga kwanza, akaomba ruhusa baadaye, maana mtu akiiona kamera hukakamaa kama ubao.

Makame alilikata koti la Tatu, akalichora kwa chaki, akalipiga bandi, zile nyuzi nyeupe za kushikiza tu. Kisha, kama kawaida yake, akamwambia aje kesho. Kesho zikawa tisa.

Siku ya kumi Tatu alichoka. Alilichukua koti vilevile, na chaki na nyuzi zake, akalivaa juu ya kanga, akatoka akitembea kama aliyeagiza lishonwe hivyo.

Habibu alikuwa amechuchumaa ng'ambo ya barabara. Akabonyeza mara moja. Tatu akamgeukia, akamuuliza nani kamtuma. Habibu akamwonyesha picha. Tatu aliitazama, akasema, "Haya, iache."

Picha ikaenea. Ukaja ujumbe kwenye simu ya Habibu kutoka maonyesho ya mitindo ya Kigali: nafasi ya kusafiri ni moja, apewe aliyeifanya picha hii ipendeze. Jina lifike kabla ya saa sita mchana, la sivyo ataitwa mwingine.

Saa sita kasorobo walikuwa kibandani kwa Makame. Jasho la Habibu lilidondokea simu. Safari kama hii aliingoja miaka minane. Lakini akijiandika mwenyewe, nani mtaani atakubali tena kupigwa naye picha?

"Bila mkasi wangu ungepiga nini, mdogo wangu? Ukuta?" Makame aliuliza.

"Fundi, ungemaliza kazi lingekuwa koti kama makoti mengine," Tatu alisema. "Mimi ndiye niliyethubutu kulivaa."

"Na nisingebonyeza," Habibu alisema, "ungefika nyumbani, ukalivua, basi."

Habibu aliandika jina, akalifuta. Akaandika jingine, akalifuta. Makame aliacha kukanyaga cherehani. Tatu aliangalia saa ya ukutani: zimebaki dakika nne.

Basi ninyi mliosikiliza, simu iko mikononi mwenu, na dakika zinakwenda. Je, wewe ungeandika jina la nani?