Mwalimu Singano na Neno la Herufi Tatu

Mtaka neno hachagui kinywa.

Mmeisikia asubuhi hii kwa dereva wa trekta, alipokuwa akimcheka yule fundi aliyeona haya kumuuliza mkewe jina la dawa ya mbuzi. Sasa mmenijia hapa barazani, mmoja anasema ni methali ya pwani, mwingine anasema imetoka redioni. Haikutoka redioni. Ni ya hapa hapa Kwembago, na watu walioianzisha niliwaona kwa macho yangu. Vuteni hilo gunia la mahindi mpukuchue, maana masikio hayahitaji mikono, nami niwaeleze ilivyokuwa.

Miaka ile alikuwepo mwalimu wa darasa la pili aliyeitwa Singano Mbelwa. Alikuwa kijana mwembamba, msafi, suruali yake ina mkunjo wa pasi hata siku ya kuchimba choo. Kichwa chake kilikuwa chepesi kushika mambo, ila kilikuwa na ugonjwa wa vichwa vyepesi, yaani kujiona. Kisha hakuwa na cheti. Walimu wasio na cheti walikuwa wengi siku hizo, na wilaya ikatoa tangazo kwamba mwisho wa mwaka wote watapunguzwa, isipokuwa mmoja katika kila tarafa, ambaye atapelekwa chuoni.

Afisa elimu, Bwana Kajiru, alikuwa mtu wa vituko. Hakuwapa mtihani wa kawaida. Aliwakusanya walimu tisa wa tarafa yetu, akaandika maneno tisa ya Kiingereza kwenye vikaratasi, akavitia ndani ya kofia yake na kuwaambia kila mtu achomoe chake. Kazi ilikuwa kulikusanya neno lako, matumizi yake yote utakayoyapata, kisha kuyasoma mbele ya watu baada ya wiki sita. Kamusi aliikataa. Alisema maana iliyo kitabuni hata kasuku anaweza kuinakili. Yeye alitaka mtu aliyewahi kulifanyia kazi neno hilo, na jina la mtu huyo litajwe. Maana isiyo na mtu wake ingefutwa.

Wenzake walichomoa maneno marefu, ya ushirika na ya umwagiliaji, wakashika vichwa. Singano alifungua chake akakuta herufi tatu tu: "set". Alicheka njia nzima mpaka nyumbani, akamwambia mkewe Zaina kwamba kazi ya wiki sita ataimaliza kabla chai haijapoa.

Chai ilipoa, ndugu zangu, ikapoa na ya kesho yake.

Kijiji hiki, kama mjuavyo, kilijaa watu waliorudi kutoka mashamba ya mkonge, reli na viwanda vya chai, kote walikoamrishwa kwa Kiingereza. Singano akaanza kwa fundi redio, akaambiwa kwamba redio nzima, na sanduku lake, ndiyo "set". Akaandika, akadhani amemaliza. Alipopita kwa seremala, yule mzee akamwonyesha meno ya msumeno yalivyopindwa, moja kulia, moja kushoto, ili usikwame kwenye mbao, akasema bwana wake wa reli aliita hivyo hivyo. Mwashi naye akasema ndivyo saruji inavyofanya inaposhika. Dresa mstaafu wa zahanati akasema ndivyo mfupa uliovunjika unavyofanywa urudi mahali pake. Mtega ngiri akadai ni neno la mtego, na mfugaji akamkatalia kwamba ni neno la kuku anapowekewa mayai aatamie, na wawili hao nusura wakamatane mashati.

Hapo udadisi ukamwingia Singano. Mwanzoni alikuwa akitafuta chuo, sasa alikuwa akilitafuta neno lenyewe. Alitaka kujua limewezaje, dogo vile, kukaa kwenye msumeno, kwenye mfupa na chini ya kuku bila kuchoka. Zaina akamwambia mbona sisi tunapiga pasi, tunapiga hodi, tunapiga mbizi na kupiga kura, na hakuna anayelia? Usiku huo alisahau hata kukunja suruali yake.

Wiki ya tano ilipokwisha alikuwa na kurasa nne. Zilikuwa nzuri, lakini aliona upungufu, na kila aliyemuuliza alimwambia jambo lile lile. Neno hili, walisema, linafanya kazi kuliko yote ndani ya nyumba za Wazungu, mezani na jikoni. Kwembago nzima aliyewahi kupika katika nyumba hizo alikuwa mmoja, na huyo alikuwa Bi. Mwantumu binti Kaoneka, mama mzazi wa Zaina.

Ninyi wa siku hizi mnakula sahani moja na wakwe zenu, sitawalaumu. Zamani kwetu mwanamume hakuonana uso kwa uso na mama mkwe wake. Wakikutana njiani, mmoja alikaa pembeni na kugeuka. Ikibidi waongee, walikaa pande mbili za ukuta na kuweka kinu katikati, kila mmoja akakituma kinu. Na jina la mama mkwe hukulitaja kamwe, hata ukiweweseka kwa homa. Ukilitaja hadharani, ukoo ulimchukua binti yao siku hiyo hiyo, akakaa kwao mpaka wazee waridhike. Wapo walioridhika baada ya miaka miwili.

Lakini nisimpambe Singano, kwani mila haikuwa sababu yake kuu ya kuogopa. Siku ya posa, Bi. Mwantumu alijitahidi kumkaribisha kwa Kiingereza, akiwa ndani, kwa heshima ya mkwe msomi. Kijana huyu akacheka. Alicheka kwa sauti, mbele ya washenga, akasema hicho ni Kiingereza cha masufuria. Tangu siku ile yule mama hakusema tena neno la Kiingereza hapa kijijini. Singano alijua alichofanya, na kwa miaka minne mila ilimfaa sana, maana ilimpa ukuta wa kujificha.

Zikiwa zimebaki siku nne, alikwenda. Alikaa nje ya jiko la mama mkwe, mgongo ukutani, kinu kikawekwa mlangoni. Alikohoa mara tatu, kisha akakiambia kinu kwamba mwalimu fulani anatafuta neno, na amesikia ndani ya nyumba hii neno hilo lipo.

Ndani chungu kilikuwa kikitokota. Kisha sauti ikatoka, pole pole.

"Kinu, muulize mwalimu, anataka neno la kitabuni au la masufuria?"

Singano aliona uso unamuwaka moto. "Kinu, mwambie mama, la masufuria."

"Basi mwambie afungue daftari."

Akaanza. Alieleza jinsi meza inavyoandaliwa, uma kushoto, kisu kulia, akasema hiyo ndiyo ya kwanza aliyoijua, na aliijua kwa kufokewa. Alieleza jeli inavyoganda, na jinsi alivyokaa akiichungulia kama mgonjwa. Akataja vyombo vya chai visivyotakiwa kutengana, nywele za bibi mwenye nyumba zilizoviringwa kila Jumamosi, nyama iliyowekwa kando kwa ajili ya kesho, saa iliyotegwa iwaamshe alfajiri, na mbwa aliyeachiwa amkimbize mwizi wa kabichi. Kila neno lilikuja na siku yake na mahali pake. Singano aliandika mpaka kidole kikaota sugu, na moyoni mwake alikuwa akijiuliza ni kwa nini hazina hii ilikuwa hatua mia moja kutoka mlangoni kwake naye akaenda kuhangaika na watega ngiri.

"Iko moja zaidi," sauti ikasema. "Bibi alimwambia mumewe kwamba mimi ni hiyo. Kwamba nimeshika njia zangu na sigeuki. Nilikuwa nakatakata vitunguu, nikaielewa bila kuelezwa."

Singano alitaka kucheka, safari hii kwa kufurahi, lakini akajizuia. Alijua kicheko chake hakina sifa njema katika nyumba ile. Akakiambia kinu kitoe shukrani nyingi, akafunga daftari.

"Kinu, mwambie asubiri," akasema Bi. Mwantumu. "Maneno nimempa, sikumnyima. Lakini yakisomwa, yasomwe kwa jina langu. Yalipochekwa, yalichekwa kwa jina langu."

Mwalimu aliondoka pale akipiga hesabu. Kama angesema "mpishi mmoja", Bwana Kajiru angefuta nusu ya kazi yake, na chuo kingeota mbawa. Kama angetaja jina, angerudi nyumbani akute kitanda kitupu. Alimweleza Zaina yote, akamuuliza afanyeje. Zaina alikuwa akikuna nazi, hakuinua kichwa.

"Mimi ni mkeo," alisema, "na yule ni mama yangu. Hilo usiniulize mimi."

Siku ya kusoma watu walijaa uwanja wa shule, wanaume upande huu, wanawake upande ule. Nami nilikuwepo, nimekaa karibu na Mzee Mahimbo, mkuu wa ukoo wa akina Zaina, mtu ambaye akisimama barazani hata mbuzi hunyamaza. Walimu wanane walisoma. Wengine walikuwa na mtu mmoja, wengine wawili. Bwana Kajiru akawa anakata mistari kwa kalamu nyekundu na kupiga miayo.

Singano aliposoma, miayo ikaisha. Alimtaja fundi redio, watu wakacheka. Alimtaja seremala, mwashi, dresa, na kila mmoja akanyoosha shingo aonekane. Mtega ngiri na mfugaji walitajwa kwa kufuatana wakapeana mikono. Watu walikuwa wanashangaa kwamba wote hao walikuwa wanalitumia neno moja miaka yote, kila mtu akidhani ni lake.

Akafungua ukurasa wa tano. Akasoma habari ya meza, jeli, nywele na mbwa, akafika mwisho.

"Hizo ni tamu," Bwana Kajiru alisema. "Mtu wake nani?"

Singano alitazama daftari. Alimtazama Zaina katika safu ya wanawake, naye Zaina akatazama chini. Kando yake alikaa mama mmoja aliyegeuza uso, kama mila inavyotaka, kitambaa cheupe kimemfunika hadi begani.

"Mwalimu, maana isiyo na mtu wake naifuta," alisema Bwana Kajiru, akainua kalamu.

"Ina mtu wake," akasema Singano. "Zote hizi nimefundishwa na mpishi niliyemcheka mbele ya watu, na mjinga nilikuwa mimi. Jina lake ni Bi. Mwantumu binti Kaoneka."

Niliona wazee wakishikana magoti. Mzee Mahimbo akachukua fimbo yake, akaanza kusimama, na sote tulijua anakwenda kumwambia Zaina afungashe. Singano alibaki amesimama na daftari lake, hakukimbia wala hakujitetea.

Ndipo sauti ikatoka upande wa wanawake, kama ya mtu aliyeitwa na mwenye haki ya kumwita.

"Labeka."

Alikuwa Bi. Mwantumu. Alikuwa amesimama, mgongo bado umeelekezwa kwa mkwewe, wala hakugeuka.

Mzee Mahimbo alisimama nusu, hakwenda mbele wala hakukaa. Katika mila zetu zote hakuna aliyewahi kutajwa namna ile akaitika, kwa hiyo hakuna aliyejua hukumu yake. Mzee alimtazama Bi. Mwantumu, mke wa ndugu yake, akamtazama kijana yule aliyekuwa anatoka jasho, akarudisha fimbo chini.

"Mwenye jina ameitika," akasema. "Mimi ni nani nimkatalie? Soma, mwalimu, umalize. Mtaka neno hachagui kinywa."