Bi Kazija na Maji ya Mwani

Paukwa!

Pakawa!

Mmeitikia kivivu, lakini haya, nasimulia hivyo hivyo. Hapo zamani za kale, zamani ambazo hata babu yangu alizisikia tu, palikuwa na kijiji kando ya bahari. Bahari ya hapo ilikuwa na tabia ya kutupa mwani ufukweni, marundo kwa marundo. Mwani ukaoza, ukanuka, na watu wakapita wameziba pua.

Kijiji hicho kilikuwa na desturi moja ngumu. Siku ya mavuno kila nyumba ilete barazani tenga moja la mahindi. Asiyejaza tenga, shamba lake hupewa jirani aliyejaza. Ndivyo walivyorithi, na hakuna aliyeuliza.

Bi Kazija alikuwa mjane mwenye binti mmoja, Mboja. Shamba lao lilikuwa limechoka. Alilitia samadi ya mbuzi, akalipalilia, lakini mahindi yalitoka membamba, majani ya manjano. Mwaka uliopita tenga lilijaa kwa bahati tu. Mwaka huu aliyatazama akaona hata nusu ya tenga hayatajaza. Shamba likienda, Mboja atarithi nini?

Na jirani yake, Pandu, alishaanza. Alikuja asubuhi moja akatembea mpakani, pu, pu, pu, anahesabu hatua. Sitini na mbili! Akamwambia Bi Kazija, bila haya, kwamba anataka tu kujua atahitaji mbegu kiasi gani. Bi Kazija aliumia, akachukua mtungi wake.

Siku hiyo hiyo akaenda kisimani. Hapo mwaka uliopita wanawake walirundika mwani kuzuia mbuzi wasiingie. Chini ya rundo lile lilijiotea boga, majani mapana kama ungo, na maboga mengine yote kijijini yamedumaa. Bi Kazija akasimama akilitazama mpaka mtungi ukafurika.

Kesho yake akabeba mwani mbichi kutoka ufukweni, akaumwaga shambani. Lo! Siku ya nne mahindi ya matuta mawili yalikuwa makavu, kama yamepitiwa na moto. Watu walicheka wakashika mbavu. Mboja akalia. Bi Kazija naye akalia, nifiche nini? Kisha akajifuta machozi, akarudi kwenye boga. Akakinga tone lililotoka kwenye rundo, akalionja. Halikuwa na chumvi. Mvua ya msimu mzima ilikuwa imeuosha mwani ule, tena maji yaliyolifikia boga yalikuwa matone tu.

"Mboja," akasema, "sisi tuliupeleka shambani pamoja na bahari yake."

Basi wakauosha mwani kwa maji ya kisima. Osha, mwaga. Osha, mwaga. Mara saba. Wakaukatakata, wakauloweka chunguni siku kumi, na kila siku korogo, korogo, korogo. Harufu yake! Hata mbuzi walibadilisha njia. Wakachuja. Wakapima kwa kata ya kuchotea maji: kata moja ya maji yale, kata ishirini za maji ya kisima. Alfajiri wakachovya ufagio wa chelewa, wakanyunyizia majani: chwa, chwa, chwa. Kila juma hivyo.

Mboja akauliza kama sasa waache kutia samadi.

"Samadi ndiyo chakula," mama akamwambia. "Maji haya ni ya kuyaamsha mahindi, yapate hamu ya kula."

Na mahindi yakaamka. Yakanyooka, yakawa ya kijani, yakabeba.

Pandu akaona, roho ikamuuma. Siku moja, mama na binti wako kisimani, akaingia uani akachota maji ya mwani chungu kizima. Hakuchanganya na kitu. Alijiambia, kama kidogo kinafanya hivi, kingi je? Akamwagia mahindi yake mwenyewe, mche kwa mche. Yakaungua yote. Na harufu ilimfuata siku tatu, kwa hiyo hakuna aliyehitaji kuuliza mwizi ni nani.

Siku ya mavuno ikafika. Tenga la Bi Kazija lilifurika. La Pandu lilikuwa na magunzi sita yasiyo na punje. Mkuu wa kijiji, Mzee Vuai, akatamka kwamba desturi ni desturi, shamba la Pandu sasa ni la Bi Kazija. Pandu akainamisha kichwa. Bi Kazija akamtazama, akamwonea huruma, maana woga ule aliujua.

"Silitaki," akasema. "Wala sijui lina hatua ngapi."

Akaongeza, "Kesho alfajiri na aje kwangu na chungu chake. Nitamfundisha kata ishirini."

Pandu akaenda. Mwaka uliofuata matenga yote yalijaa, na ile desturi ya kunyang'anya ikafa yenyewe, kwa kuwa hapakuwa na wa kunyang'anywa. Mboja akarithi shamba la mama yake.

Basi wanangu, mkimwona jirani ameelemewa, msianze kupima shamba lake. Angalieni kwanza mnaweza kumsaidia nini. Hadithi yangu naitua hapa. Mwenye chungu na akaoshe mwani.