Kisulisuli na Kifuniko cha Ghala

"Paukwa!"

"Pakawa!"

Nani huyo anapiga miayo? Akalale. Haya.

Zamani, kabla bibi yangu hajaota meno, Nyamizi alikuwa akigombana na Kisulisuli, yule upepo unaozunguka. Waligombania kifuniko cha ghala la mtama. Kisulisuli alikipeperusha mpaka ng'ambo ya kilima, na mawingu ya mvua yalishaanza kukusanyika. Mtama ukilowa, watoto wa Nyamizi wangelala njaa mwaka mzima.

Kisulisuli akasema hadaiwi na mtu. Nguvu zake alizaliwa nazo.

"Twende nizione," akasema Nyamizi.

Wakasimama kwanza kwenye kiwanja cha Nyamizi, palipochomwa nyasi. Ardhi ilikuwa ya moto kama kikaango. Hewa ya chini ikapanda, hewa ya pembeni ikakimbilia kuziba nafasi, na Kisulisuli akazunguka, vu, vu, vu! Akawa mwembamba kama mchi, na kadiri alivyokonda ndivyo alivyozidi mbio.

Wakaenda msituni. Matawi yakamshika huku, vichaka vikamshika kule. Vu... vu... Akatanuka kama pipa, akajikokota. Akasingizia uchovu wa safari.

Wakaenda lamboni, ng'ombe wanakonyweshwa. Tope la baridi. Hewa haikupanda. Vu. Basi. Akabaki wa kugeuza jani moja.

"Kwa hiyo nguvu si zake?" akauliza Kabula, mmoja wa watoto waliokuwa wakisikiliza.

Wewe Kabula, nasimulia mimi au wewe? Ndiyo, si zake. Alikuwa akizipata mahali aliposimama.

Nyamizi hakumcheka. Akasema kosa lake yeye kwanza. Nyumbani kwake palikuwa na ngitili, nyasi zinazotengwa kwa ajili ya ng'ombe wakati wa kiangazi. Aliichoma ili apate uwanja mpana wa kuanika mtama. Hivyo ndivyo alivyomtandikia Kisulisuli ardhi ya moto mlangoni pake. Akaapa ataiacha ngitili iote tena.

Kisulisuli akanong'ona kwamba, kama ni hivyo, wamesameheana.

Hapana, haikuwa hivyo. Wanangu, anayejisifu nguvu mwulizeni amesimama wapi, na anayekiri kosa lake msimnyime haki yake. Mimi nimefika mwisho wa maneno yangu. Nyamizi yeye alikuwa na maneno haya tu:

"Kiwanja changu bado ni cha moto. Nenda ukachukue nguvu pale, kisha uniletee kifuniko changu. Leo."